Kukinga boila na mabomba ya nyumba ya zamani dhidi ya tope na kutu: mwongozo kwa wenye nyumba wa Bukavu

Boila ya kwanza niliyoifungua ilikuwa ya kwetu, katika nyumba ya mtaa wa Muhumba iliyojengwa wakati mji wa Bukavu ulikuwa bado unaitwa Costermansville. Nilipotoa bolti ya mwisho ya kifuniko cha chini sikuiona rezistansi, ile chuma ya umeme inayopasha maji; niliona udongo: tope la rangi ya tofali bichi, laini kama bugali uliozidishiwa maji, na ndani yake vipande vyembamba vya kutu vilivyojikunja kama maganda ya kitunguu. Rezistansi ilikuwa imezikwa humo, na ganda lake lilikuwa limepasuka ubavuni. Hiyo ilikuwa ya tatu katika miaka minne. Mafundi waliotangulia walikuwa wameibadilisha vizuri kabisa, kila mmoja akalipwa haki yake, lakini hakuna aliyeuliza tope lile limeingilia wapi.

Tope halizaliwi ndani ya boila. Linaletwa na maji, na sehemu kubwa yake huingia katika dakika chache tu, zile dakika ambazo maji yanarudi bombani baada ya kukatika kwa siku moja, mbili au zaidi. Anayezilinda dakika hizo amemaliza zaidi ya nusu ya kazi bila kununua chochote. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye robine, yaani koki, ya uani, unapita kwenye tangi, na unafika kwenye boila mwishoni, ingawa ni boila ndiyo inayotutoa pesa.

Kitu gani hasa kinaingia

Vitu vitatu vinachanganywa chini ya jina moja la uchafu, na kila kimoja kina dawa yake.

Cha kwanza ni udongo wa mfinyanzi. Maji ya mtandao wa Bukavu kwa sehemu kubwa yanatoka mitoni, hasa mto Murhundu, na kuanzia Septemba mpaka Mei mvua inaziosha shamba na milima ya mfinyanzi mwekundu inayotuzunguka. Maji ya mto wakati huo si maji ya mto wa Julai. Cha pili ni kutu ya mabomba yetu wenyewe. Nyumba za Muhumba, Nyawera na Nguba zilizojengwa miaka ya 1940 na 1950 zilifungiwa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, na katika nyingi kati yake zinki hiyo imekwisha kuliwa siku nyingi. Bomba kama hilo likiwa limejaa maji, kutu inajengeka polepole na kushikamana na ukuta. Likiachwa tupu, chuma chenye unyevu kinakutana na hewa, kutu inavimba na kulegea, na maji yanaporudi kwa nguvu yanaibandua na kuibeba. Cha tatu ni chokaa, ile ganda jeupe inayojenga ukuta chini ya birika. Huku kwetu si tatizo kubwa kama ilivyo Lubumbashi, ambako maji ya visima virefu yanapita kwenye miamba yenye chokaa, lakini maji yakipashwa kupita kiasi inatokea hata hapa.

Anayesoma maelekezo ya mafundi wa Ubelgiji au Ufaransa atakutana na tope la nne, jeusi kama wino. Hilo ni la mifumo ya kupasha nyumba joto, ambamo maji yale yale yanazunguka kwa miaka kati ya tanuri na radieta zilizofungwa ukutani. Kwa kuwa maji hayabadilishwi, oksijeni iliyomo inakwisha mapema, na chuma kinachoendelea kulika kinageuka kuwa unga mweusi unaonaswa kwa sumaku. Wenzetu wanaukabili kwa vichujio vya sumaku na kwa dawa za kuzuia kutu zinazomiminwa ndani ya mzunguko. Sisi kila siku tunaingiza maji mapya yenye oksijeni mpya, kwa hiyo kutu yetu ni nyekundu zaidi kuliko nyeusi, na zile dawa hazituhusu. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeziona zikiuzwa mjini: dawa ya mzunguko wa radieta isiwekwe kamwe katika maji ambayo mtu anaogea, anaoshea vyombo au anapikia.

Jaribio la chupa tatu

Kabla ya kumwita fundi, tafuta chupa tatu nyeupe za plastiki zinazoonyesha ndani. Ya kwanza ijaze kwenye robine iliyo karibu zaidi na mita, ya pili kwenye robine ya maji baridi inayotoka kwenye tangi, ya tatu kwenye robine ya maji moto, baada ya kuyaacha maji yatiririke kidogo na yakiwa yamepoa ya kutosha kushika. Ziandike, ziweke mahali ambapo watoto hawatazitikisa, na uzitazame asubuhi.

Chupa ya mita ikiwa na mashapo, uchafu unatoka nje na kazi yako ni mlangoni. Ikiwa ya mita ni safi na ya tangi ni chafu, tangi ndilo limejaa. Zote mbili zikiwa safi na ya maji moto ikawa chafu, boila au bomba linaloitokea ndilo linalotapika. Kisha mimina maji polepole, ubaki na mashapo peke yake. Ukiyasugua kati ya vidole yakateleza kama sabuni, huo ni mfinyanzi. Yakikwaruza na kuacha doa la rangi ya machungwa, ni kutu. Weka matone ya siki: yakitoa povu, kuna chokaa. Sumaku ya spika iliyoharibika itanasa chembe nyeusi, lakini kutu nyekundu haitaishika sana, kwa hiyo usihitimishe kwamba hakuna kutu kwa sababu sumaku imetoka safi.

Dakika ambazo maji yanarudi

Maji yakikatika, desturi ya nyumba nyingi ni kuacha robine ya bafuni wazi ili yakirudi usiku tusikie. Mara nyingi robine inayoachwa wazi ni ile ya maji moto, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mkono au kwa sababu mtu hakukumbuka kuifunga. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Robine ya maji moto ikiwa wazi, maji ya kwanza kurudi, yaani yale yenye tope lote lililobanduka kwenye mabomba ya mtaa na ya nyumba, yanapita ndani ya boila kabla ya kufika bafuni. Kasi inapungua ndani ya lile pipa pana, mchanga na kutu vinashuka chini na kukaa, na sisi tunaona maji yasiyo machafu sana yakitoka juu, tunashukuru.

Fanya hivi badala yake. Maji yakikatika tu, funga vani ya kuingilia nyumbani, ile iliyo baada ya mita, na funga pia vani ya maji baridi iliyo chini ya boila. Zima umeme wa boila. Acha wazi robine moja tu, ya uani, iliyowekwa kabla ya vani ya nyumba, na chini yake weka pipa au beseni la bati. Bati linapiga kelele za kutosha kumwamsha mwenye usingizi mzito. Kama nyumba haina robine ya namna hiyo, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kumpa fundi, na ni kazi ya asubuhi moja.

Bomba litakohoa hewa kwanza, kisha litatema maji ya rangi ya chai. Yaache yatoke kwa nguvu zote, usiyabane, kwa sababu maji yanayokwenda polepole hayawezi kuinua mchanga uliolala chini ya bomba. Kipimo changu ni ndoo ya lita 10: katika bomba lenye upana wa ndani wa milimita 20, ndoo ikijaa kwa nusu dakika, maji yanakwenda karibu mita moja kila sekunde, na hapo bomba linajisafisha. Ikichukua dakika mbili, unapata maji ila husafishi kitu. Maji hayo ya kwanza si ya kumwaga ovyo katika mji wenye miteremko kama wetu. Yanafaa chooni na kwenye bustani. Chota kwa kikombe cheupe kila baada ya dakika chache, na ufungue vani ya nyumba pale tu unapoona chini ya kikombe bila ukungu. Kisha fungua robine za maji baridi za ndani moja baada ya nyingine, kuanzia iliyo karibu na mlango, na ya boila iwe ya mwisho.

Tangi

Tangi, au sitene kama wengi tunavyoiita, linaweza kuwa rafiki wa boila au ghala la tope lake. Inategemea bomba la kutokea limefungwa wapi. Mchanga mwembamba wa unene wa sehemu ya kumi ya milimita hushuka mita moja ndani ya maji yaliyotulia kwa dakika mbili hivi. Chembe ya mfinyanzi ya unene wa sehemu mbili za elfu za milimita inahitaji karibu siku tatu kwa mita ile ile. Hesabu hii inaeleza mambo mawili ambayo wengi wanayaona bila kuyafahamu: tangi linaondoa mchanga na kutu hata likitumika kila siku, lakini maji ya Novemba hubaki na wekundu hata baada ya kulala usiku kucha. Mwenye nafasi ya matangi mawili, akajaza moja leo na kutumia la juzi, anapata maji tofauti kabisa na ya jirani yake.

Bomba la kutokea lisiwe sakafuni mwa tangi. Liwe juu ya sakafu kwa sentimita 10 angalau, na chini kabisa kuwe na tundu la pili lenye vani ya kumwagia tope. Bomba la kuingilia nalo lisielekezwe chini kama mpira wa kuzimia moto, maana litakoroga kila kilichotulia. Lipinde liguse ukuta wa tangi ili maji yateremke kwa upole. Mfuniko ukae vizuri.

Safisha tangi mara mbili kwa mwaka: Juni, mvua zinapokwisha, na Januari, katikati yake. Ondoa maji mpaka yabaki ya kufika vifundoni, sugua kuta kwa brashi ya plastiki, si ya waya, toa tope kupitia tundu la chini, suuza, kisha jaza na utie javeli, ile dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Kwa javeli yenye klorini ya asilimia 5, lita moja inatosha tangi la lita 1,000; iache siku nzima, umwage yote, usuuze, na maji hayo yasipelekwe kwenye boila. Anayeingia ndani ya tangi lenye mdomo mwembamba asiwe peke yake, na javeli isitiwe akiwa bado ndani.

Kichujio

Kati ya tangi na boila funga kichujio cha wavu wa chuma kisichoshika kutu, chenye matundu ya mikroni 100 hivi, yaani sehemu ya kumi ya milimita. Kitazuia mchanga na magamba ya kutu. Mfinyanzi utapita, na hakuna aibu katika hilo, kwani mfinyanzi mwembamba peke yake hauui rezistansi kwa haraka. Kinachoiua ni tabaka zito. Ukichagua wavu mwembamba zaidi, mvua ya kwanza itauziba na utaishia kuutoa na kuusahau dirishani. Weka vani kila upande wa kichujio ili kukifungua kusihitaji kukausha nyumba nzima, na hakikisha mshale uliochorwa juu yake unaelekea boila. Wakati wa mvua kioshe kila wiki. Sponji ya godoro iliyofungwa kwa kitambaa, ambayo nimeikuta katika nyumba zaidi ya moja, inaoza na kuingia bombani vipande vipande.

Kuhusu mabomba ya chuma yenyewe sina mengi. Yakibanwa na kutu mpaka tundu linabaki la kupitisha penseli, hakuna dawa ila kuyabadilisha. Usiyagonge kwa nyundo ili kutu idondoke. Itadondoka kweli, na itakwenda unakojua. Ukibadilisha kipande, tumia plastiki inayostahimili maji moto. Usiweke kamwe bomba la shaba nyekundu kabla ya bomba la zinki kwa kufuata mwendo wa maji, kwa sababu chembe za shaba zinazobebwa na maji zinatua kwenye zinki na kulitoboa bomba matundu madogo madogo.

Kuiosha boila

Boila inayohitaji kuoshwa hujieleza. Inapopasha husikika ikipasuka-pasuka kama mahindi kwenye kikaango: ni maji yaliyonaswa ndani ya tope yakichemka karibu na rezistansi. Maji moto yanakwisha mapema, kwa kuwa nafasi ya maji imechukuliwa na udongo. Wakati mwingine maji ya kwanza asubuhi yana harufu ya yai bovu.

Kupasha polepole, kinyume chake, si ushahidi. Watu wananiambia tope limeifanya boila iwe mvivu, na nikipima umeme nakuta volti 180 mahali pa 220. Nguvu ya rezistansi inashuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo kwa volti 180 imebaki theluthi mbili tu. Boila ya lita 100 yenye rezistansi ya wati 1,500 inahitaji saa tatu na dakika chache kupandisha maji kutoka nyuzi 20 hadi 60. Kwa volti hizo pungufu itahitaji saa nne na nusu hata ikiwa safi kama sahani ya harusi.

Kazi yenyewe inataka nusu siku, mpira wa kumwagilia, ndoo mbili, tochi, na mpira mpya wa kuzuia kuvuja wa kifuniko, ambao ununuliwe kabla ya kuanza kwa sababu ule wa zamani hautakubali kurudi. Hakikisha boila imefungwa ukutani kwa bolti imara, kwani lita 100 za maji ni kilo 100 juu ya uzito wa chuma chenyewe.

Zima disjonkta ya boila, yaani kikata-umeme chake, si swichi ya ukutani tu, na umweke mtu azuie asije mwingine kuiwasha. Pima kwa kifaa cha kupimia kwamba hakuna umeme kwenye nyaya. Tumia maji moto yote kwa kufua au kuoga, uache maji baridi yaingie mpaka robine itoe maji ya uvuguvugu; maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ndani ya sekunde chache. Kisha funga vani ya maji baridi na ufungue robine ya maji moto iliyo karibu, ambayo sasa kazi yake ni kuingiza hewa. Vika mpira kwenye tundu la kumwagia, uelekeze kwenye mfereji, na ufungue.

Maji yatatoka kwa kishindo, halafu yatapungua na kuwa mazito, halafu huenda yakasimama huku boila ikiwa bado ina uzito. Hapo tundu limezibwa na magamba. Usiingize waya. Fungua vani ya maji baridi kwa sekunde tano, funga, acha itoke, rudia. Msukumo mfupi mfupi unakoroga tope na kulitoa, wakati maji yanayoachwa yatiririke mfululizo yanachimba njia moja katikati na kuliacha tope lililobaki limekaa pembeni. Katika boila ambayo haijaguswa miaka mitano nimerudia zaidi ya mara ishirini kabla ndoo haijaonyesha chini yake.

Kama imekuwa ikipasuka-pasuka, usiishie hapo. Chora au piga picha jinsi nyaya zilivyofungwa, zitoe, legeza bolti za kifuniko kwa kupokezana, moja upande huu na nyingine upande wa pili, na ushushe kifuniko pamoja na rezistansi yake huku ndoo ikiwa tayari. Tope la mwisho ni la kutoa kwa mkono na kijiko cha mbao. Kuta za ndani zimepakwa tabaka gumu linalofanana na kioo, na mkwaruzo mmoja wa bisibisi unafungua mlango wa kutu ambao hautafungika tena. Kwa hiyo kitambaa na plastiki, kamwe si chuma. Rezistansi yenye ganda jeupe iloweke katika siki ya moto usiku mmoja, bila kulowesha sehemu ya nyaya. Siki itayeyusha chokaa na haitaugusa mfinyanzi, ambao wenyewe unatoka kwa maji na subira.

Hapa ni lazima nitaje asidi. Fundi mmoja niliyempigia simu wakati wa ile rezistansi ya tatu alikuja na chupa ya maji ya betri, akataka kuyamimina ndani, kwa maelezo kwamba dakika kumi zingetosha. Nilimkatalia kwa sababu ya harufu tu, sikuwa na elimu yoyote. Baadaye nilijifunza kwamba asidi kali inashambulia chuma popote lile tabaka la kioo lilipopasuka. Na asidi yoyote, hata siki, ikikutana na mabaki ya javeli inatoa hewa ya klorini inayochoma mapafu. Javeli ni ya tangi, siki ni ya rezistansi, na kati yake suuza kwa maji mengi.

Grupu ya usalama na fimbo ya magnesiamu

Chini ya boila, kwenye bomba la maji baridi, kuna kifaa kidogo cha shaba chenye kitufe au mpini: grupu ya usalama. Kina kazi mbili. Shinikizo likipita bari 7 kinamwaga maji nje, na muda wote kinazuia maji ya boila yasirudi nyuma. Mchanga punje moja ukikaa kwenye kizibo chake, kazi zote mbili zinaharibika, na ya pili ndiyo hatari yetu ya Bukavu. Maji ya mtaa yakikatika, kizibo kisichofunga kinaiachia boila imwagikie kupitia mlango wake wa kuingilia, hasa ikiwa robine ya maji moto iliachwa wazi na hewa inaingia juu. Umeme unarudi usiku, rezistansi inawaka katika utupu, na asubuhi tunalaumu aina ya rezistansi tuliyonunua.

Zungusha mpini mara moja kila mwezi kwa sekunde kadhaa mpaka maji yatoke kwa nguvu, ili usigande. Kupima kizibo, acha boila iwe moto, funga maji ya nyumba, na ufungue robine ya maji baridi iliyo chini kuliko boila: maji ya moto yakianza kutoka hapo, kizibo kimekufa na grupu nzima ibadilishwe. Tundu lake la kumwagia lisizibwe kwa hali yoyote, hata kama linadondosha maji sakafuni na mama mwenye nyumba amechoka kupangusa.

Wakati kifuniko kimeshushwa, tazama fimbo ya kijivu iliyo sambamba na rezistansi. Ni magnesiamu, na imewekwa ili iliwe badala ya chuma cha boila. Ikiwa imebaki chini ya nusu ya unene wake, au waya wa katikati umeanza kuonekana, weka nyingine. Ikaguliwe kila baada ya miaka miwili. Mafundi wengine huitoa na kuitupa wakidhani ndiyo inayoleta tope, kwa kuwa inakutwa imechakaa na kujaa mavumbi. Boila iliyotolewa fimbo hiyo inatoboka mapema, na pipa lililotoboka halina fundi.

Kurudisha kazini

Weka mpira mpya, kaza bolti kwa kupokezana, rudisha nyaya kama zilivyokuwa pamoja na ule wa ardhini, na uhakikishe umefungwa kweli. Termostati, yaani kidhibiti joto, iweke nyuzi 60: chini ya hapo vijidudu vinavyopenda maji ya uvuguvugu vinazaliana ndani ya tope jipya, juu sana ya hapo chokaa inaongezeka. Umeme ukikatika siku kadhaa na boila ikapoa, irudishe kwenye nyuzi hizo kwa saa chache kabla mtu hajaoga.

Jaza boila polepole huku robine ya maji moto ikiwa wazi. Itatema hewa, itakohoa, kisha maji yatatoka kwa mkondo mmoja usiokatika. Yaache hivyo dakika mbili, funga robine, na pangusa kifuniko kwa karatasi kavu uone kama kuna tone. Ndipo disjonkta iwashwe, si kabla. Maji yanapopata moto yanavimba, na boila ya lita 100 itasukuma nje ya grupu karibu lita moja na nusu kabla ya kufika nyuzi 60. Weka bidoni chini yake. Kisha chukua chaki, andika tarehe ubavuni mwa boila, na kando yake andika kiasi cha tope ulichotoa, kwa ndoo au kwa kikombe.